Simu Ikizimwa, Unabaki na Nini?

Mazungumzo na vijana, Kakamega



Ndugu zangu na dada zangu, shukran kwa kuja. Najua wengine mmetoka Mumias, wengine Butere, na wa hapa Lurambi mmekuja kwa miguu. Nimeombwa niongee juu ya elimu na akili unde, ile ambayo wengine wanaiita akili mnemba. Mimi si profesa. Nina diploma, na kazi yangu ni kukaa na vijana kama nyinyi. Kwa hivyo sitawafundisha jinsi mashine inavyoundwa. Nataka tuongee juu ya mwanafunzi aliye na hiyo mashine mfukoni, na shule anayoenda nayo.

Swali langu ni moja tu, mlibebe mpaka nyumbani: simu ikizimwa, wewe unabaki na nini kichwani?

Ugonjwa ulikuwepo kabla ya simu

Wazee wetu wanasema simu ndiyo imeharibu watoto. Tuwaheshimu, lakini tuangalie vizuri. Mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A katika KCSE. Mwaka uliofuata serikali ikabana wizi wa mitihani. Karatasi zikafungiwa kwenye makontena yenye ulinzi, mwalimu mkuu akabebeshwa mzigo wa kituo chake. Mnajua A zilikuwa ngapi mwaka 2016? 141. Nchi nzima!

Watu walibishana sana kuhusu usahihishaji wa mwaka ule, na mjadala ule ulikuwa na haki yake. Lakini hata ukiupunguzia uzito, namba hiyo inatuambia jambo. Kulikuwa na watu wengi waliokuwa na majibu bila kuwa na elimu. Na wakati huo ChatGPT haikuwepo. Ilikuja Novemba 2022.

Kwa nini watu waliiba mitihani? Kwa sababu tulifundishwa kwamba shule inataka jibu. Ukileta jibu, hakuna anayekuuliza umelitoa wapi. Ukifika pale kwa kufikiri au kwa kunong'onezewa, alama ni ile ile. Sasa imekuja mashine ambayo kazi yake ni kutoa jibu, saa yoyote, bila kuchoka. Shule inayonunua majibu imepata muuzaji wa bei rahisi. Hapo tusishangae soko likijaa.

Halafu tukaletewa mtaala wa umilisi, CBC. Ulijaribiwa kuanzia 2017, ukaanza rasmi 2019 kwa madarasa ya chini, na Januari 2026 kundi la kwanza likaingia Gredi ya 10. Nia yake ilikuwa nzuri: mtoto afanye, aguse, aeleze, asikariri tu. Hata alama zimegawanywa. Kundi hilo lilipopimwa mwisho wa Gredi ya 9, asilimia 60 ilitoka kwenye mtihani wenyewe, 20 kwenye tathmini ya Gredi ya 6, na 20 kwenye kazi walizofanya shuleni Gredi ya 7 na ya 8.

Lakini mnajua yanayotokea majumbani. Mwalimu anatoa mradi Ijumaa. Mama anazunguka sokoni kutafuta katoni na gundi. Kaka mkubwa anakata na kubandika. Mtoto analala. Jumatatu mradi unapata alama nzuri, na mwenye mradi hawezi kueleza kwa nini gurudumu linazunguka. Siku hizi hata kaka amepumzika, manake simu inaandika ripoti nzima kwa dakika moja. Jina limebadilika kutoka mtihani kuwa mradi, lakini mchezo ni ule ule.

Mashine ile ile, matokeo mawili

Sasa kuna wale wanaosema basi tupige marufuku kila kitu. Mimi sisemi hivyo, na nitawaeleza sababu kwa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa Uturuki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichukua karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari kwenye somo la hisabati. Kundi moja lilifanya mazoezi na kitabu na daftari tu. Kundi la pili likapewa akili unde ya kawaida, unauliza, inajibu. Kundi la tatu likapewa akili unde iliyopangwa kama mwalimu: haikupi jibu, inakupa vidokezo, na walimu waliisaidia kujua wanafunzi hukosea wapi.

Wakati wa mazoezi, kundi la pili lilipata alama zaidi ya wenzao wa daftari kwa asilimia 48. La tatu likawazidi kwa asilimia 127. Ukiwaona siku hiyo ungesema hawa wameshafika. Kisha ukaja mtihani, na hakuna mashine. Wale waliokuwa wakipewa majibu wakapata asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuiona mashine kabisa. Wale waliopewa vidokezo hawakuumia namna hiyo.

Hebu tulia na hilo kidogo. Mwanafunzi aliyesaidiwa na mashine akashindwa na mwanafunzi aliyekuwa na penseli tu. Alipokuwa anafanya mazoezi, alijiona anaelewa. Alikuwa anasoma jibu la mwingine, anatikisa kichwa, anasema "eeeh, ni kweli." Kutikisa kichwa si kujua. Ni kama kumtazama mtu akiogelea Mto Nzoia halafu ujirushe ndani kwa sababu umeona anavyofanya.

Mfano wa pili ni wa Nigeria, jimbo la Edo, mwaka 2024. Kule, kwa mradi ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wanafunzi wa sekondari walibaki shuleni baada ya masomo, wakakaa wawili wawili kwenye kompyuta moja, wakitumia akili unde kujifunza Kiingereza. Mwalimu alikuwa ndani ya chumba. Yeye ndiye aliyetoa mada, akaelekeza maswali, akazunguka kuangalia. Ilichukua wiki sita tu. Walipopimwa, waliwapita wazi wenzao ambao hawakupata nafasi hiyo. Na wasichana, ambao walianza wakiwa nyuma ya wavulana, walionekana kufaidika hata zaidi.

Kwa hivyo mashine ile ile imeshusha huku na kuinua kule. Tofauti ni nini? Tofauti ni namna masomo yalivyopangwa. Kuna aliyekuwa anamlazimisha mwanafunzi kufikiri kabla ya kusaidiwa? Kuna aliyemuuliza amefikaje? Kulipokuwa na mtu au mpango wa kufanya hivyo, mwanafunzi alipona. Pasipokuwa naye, mashine ilimfikiria, na yeye akabaki mtupu.

Hii njia tunaijua

Na hapa niseme kitu ambacho sisi tuliopita chuoni kwa mwalimu tunakijua tangu utotoni. Ulipokuwa unahifadhi Juzuu Amma, nani aliwahi kukuhifadhia? Ungeweza kuwa na msahafu mzuri, na rekodi ya msomaji mkubwa wa Makka. Siku ya kusikilizwa unakaa mbele ya mwalimu, unafungua mdomo. Ukikosea herufi, anakusimamisha. Unarudia. Hakuna mtu anayeweza kukunong'onezea kitu ambacho hakimo kifuani mwako.

Na wanazuoni wetu wa hadithi walikuwa na swali moja gumu: umeipokea kutoka kwa nani? Maneno matamu peke yake hayakutosha. Walitaka mlolongo wa wapokezi, mtu kwa mtu, na kila mmoja achunguzwe kama ni mkweli na kama kumbukumbu yake ni nzuri.

Akili unde haina sanad. Imesoma maandishi mengi mno, na inachofanya ni kukisia neno linalofaa kufuata lingine. Mara nyingi inapatia. Ikikosa, inakosa kwa sauti ile ile ya kujiamini. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani kesi walizopewa na ChatGPT. Majina ya kesi yalikuwepo, hukumu zilikuwepo, kila kitu kilipangwa vizuri. Kumbe kesi hazikuwepo duniani. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Hao walikuwa mawakili waliosoma! Sasa wewe unayeomba hadithi ya kuweka kwenye statasi ya Ijumaa, na unaisambaza kabla ya kumuuliza mtu yeyote, unajua umebeba nini?

Vijana wetu nyuma ya pazia

Wengine wataniuliza: bro, yote haya ya nini, si mashine ndiyo itafanya kazi siku za usoni? Sawa. Tuangalie kazi basi, kwa mifano ya hapa hapa Kenya.

Kwa miaka mingi, vijana Wakenya wenye digrii na diploma walikuwa wanaandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Wengi wenu mna binamu au jirani aliyekesha na hiyo kazi. Kuna filamu iliyotoka 2024, *The Shadow Scholars*, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenyewe mzaliwa wa Kenya, akizungumza na waandishi hao. Mwanafunzi wa ng'ambo alipata cheti. Kijana wetu alipata pesa, na jina lake halikuandikwa popote. Kisha ikaja akili unde, na mteja akagundua kuna anayeandika bure. Kazi zikapungua sana.

Na wakati huo huo, ili hiyo mashine isitoe matusi na unyama, kuna watu waliokaa Nairobi wakisoma maandishi ya kutisha na kuyawekea alama. Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba wafanyakazi hao, walioajiriwa na kampuni ya Sama, walikuwa wanapata chini ya dola 2 kwa saa.

Kwa hivyo msidhani jambo hili liko mbali na sisi. Tumekuwa ndani yake, ila kwa mlango wa nyuma. Somo ninaloliona ni hili: jibu lililoandikwa vizuri limepoteza bei. Kinachobaki na bei ni mtu anayejua kama jibu ni la kweli, anayeweza kulitetea mbele ya watu, na anayejua swali gani halijaulizwa. Mtu huyo hatengenezwi kwa kunakili. Anatengenezwa kwa miaka ya kukosea na kusahihishwa.

Na wewe wa Gredi ya 10, mwaka 2028 utaingia chumba cha mtihani wa mwisho. Simu itabaki nje. Mwenzako wa Kidato cha Nne ataingia hata kabla yako. Ukitoka hapo kuna mahojiano ya kazi, kuna mgonjwa mbele yako kama wewe ni muuguzi, kuna waya za umeme kama wewe ni fundi. Mgonjwa hatangoja ufungue simu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, wewe mwenyewe.

Jaribu kabla ya kuuliza. Chukua daftari, jipe dakika ishirini na swali. Andika ulipofika, hata kama ni mstari mmoja. Hapo ndipo akili inachimba shimo la kupandia. Ukimwaga maji pasipo shimo, yanapita tu.

Ukiuliza, omba kidokezo. Iandikie hivi: "Usinipe jibu. Hii ndiyo kazi yangu. Nionyeshe hatua niliyokosea, kisha niulize swali moja." Jaribuni leo jioni mtaona tofauti.

Ukimaliza, zima simu na umweleze mtu. Mweleze mdogo wako, au mama akiwa jikoni. Ukikwama katikati, basi hujaelewa bado, rudi. Aya, hadithi, sheria, namba, dawa: hizo usizitumie kabla hujazithibitisha kwa kitabu au kwa mjuzi. Na usiiambie mashine siri za nyumbani wala namba ya kitambulisho cha baba.

Pili, sisi pamoja. Wengi hapa simu ni ya mama, na bando ikiisha imeisha. Kuna mtoto wa mjini mwenye WiFi na kuna mtoto wa Khwisero anayepanda mwinuko kutafuta mtandao. Msichana anarudi shule anakuta vyombo na kuni, kaka yake anakuta simu. Tusipofanya kitu, akili unde itapanua hilo pengo. Kule Edo walikaa wawili wawili na mwalimu mmoja. Sisi tunashindwa nini? Tuna ukumbi wa madrasa ambao Jumamosi mchana uko wazi. Tuna wanafunzi wa Masinde Muliro wanaoweza kujitolea saa moja. Simu nne zinatosha vijana wanane. Mada moja, mwalimu mmoja, na kabla hujatoka unaeleza kwa mdomo ulichojifunza. Nafasi za wasichana zihesabiwe kwanza, na saa ipangwe wanayoweza kufika.

Tatu, tunachodai. Elimu si hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya elimu, na cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Basi tuulize kwa heshima, lakini tuulize.

Wazazi waulize shule: mradi huu kwa nini usifanyiwe darasani, na mtoto aulizwe maswali matatu kwa mdomo kabla ya kupewa alama? Haihitaji kompyuta hata moja. Najua mwalimu ana darasa kubwa na amechoka. Basi madai ya walimu zaidi yawe madai yetu pia, tusimwachie peke yake.

Tuulize kila shule na kila chuo: kanuni yenu ya akili unde iko wapi, imeandikwa? Mwanafunzi ajue mapema kinachoruhusiwa. Na hapa nataka mnisikie vizuri. Kuna programu zinazodai kutambua kazi iliyoandikwa na mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo za kweli ziliitwa kazi ya mashine. Mwaka huo huo OpenAI, wenye ChatGPT, waliiondoa programu yao ya kutambua kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Sasa fikiria mtoto wa hapa, Kiluhya kwanza, Kiswahili pili, Kiingereza tatu. Anaandika kwa uangalifu sentensi fupi fupi, halafu programu inamwita mwizi. Asiadhibiwe mtu kwa neno la programu peke yake. Aitwe, aulizwe, ajieleze. Anayejua kazi yake ataieleza.

Na kaunti ikiita ushiriki wa umma kuhusu bajeti, msiwaachie wazee viti vyote. Nendeni mseme maktaba, mseme intaneti, mseme kompyuta katika vyuo vya ufundi vya vijijini. Msemee kwenye maikrofoni, iandikwe.

Namalizia. Mashine hii haitaondoka, na mimi sitaki iondoke. Nataka mtoto wa Matungu aitumie kama mtoto wa London. Lakini nataka aitumie akiwa na kitu chake kichwani, kama fundi anavyoshika msumeno akijua anakata nini. Elimu inayouliza "jibu ni nini?" itatupatia kizazi cha watu wanaosubiri simu iwake. Elimu inayouliza "umefikaje hapo?" itatupatia watu.

Leo usiku kabla ya kulala, zima simu. Chukua karatasi, andika jambo moja ulilojifunza wiki hii, kwa maneno yako. Kama karatasi imejaa, alhamdulillahi. Kama imebaki nyeupe, Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri tukutane ukumbini. Njoo na daftari na kalamu. Na kama una simu, njoo na rafiki asiye nayo.

Rabbi zidnii ilma. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.